Pengo la Mkwajuni

Kisima ni kimoja, siku zake hazina idadi:
ndilo somo la kwanza nililompa Nassor,
kijana mpya wa ofisi ya maji, Wete,
aliyekuwa akiandika jina la kisima upya
kila siku kilipopimwa,
na kila siku akikosea kwa namna yake.
Mkwajuni. Mkwajoni. Kwa Mkwaju.
Vikazuka kwenye ramani visima vitatu
penye tundu moja la jiwe,
na kimoja, kwa tarakimu iliyoruka,
kikaangukia baharini, ng'ambo ya Kiuyu.

Kipe namba, nikamwambia. Kama mtoto,
cheti cha kuzaliwa kimoja tu:
kilipo, kina chake, aliyekichimba.
Vipimo vije nyuma, mstari kwa mstari,
kila kimoja kimebeba namba ya mzazi wake
ili hata kikipotea njiani
kijulikane cha nani.

Daftari lililetwa ndani ya mfuko wa sukari,
la Bi Chumu Shaame wa Maziwa Ng'ombe.
Miaka sita.
Kamba, jiwe nchani, fundo kila dhiraa.
*Mafundo tisa na shibiri.*
*Mafundo tisa. Yaonja chumvi.*

Dhiraa nikazifanya mita.
Mwezi tano Mfunguo Pili nikaufanya Januari,
Februari, Machi, kama ofisi ipendavyo.
Chumvi nikaitafutia tarakimu, nikakosa,
nikaiweka kwenye maelezo kama alivyoisema.

Nikachora. Mstari ukapanda, ukashuka, ukapanda,
kama kifua cha mtu aliyelala.
Nassor akasema, bibi huyu kamba yake inanyooka.

Nikarudi kwenye tarehe zake yeye.
Mwezi mosi, maji juu.
Mwezi kumi na tano, juu.
Bamvua!
Bahari ilikuwa ikipiga hodi chini kwa chini,
maili nzima ndani ya mawe,
na kisima kikiitika.
Mimi niliyeufuta mwezi
ndiye niliyeshangaa giza.
Nikaongeza safu: *mwezi wa kuandama.*

Halafu pengo.

Tatu Shaabani, mafundo tisa na nusu.
Mstari unaofuata, kumi na nne Mfunguo Tatu,
mafundo kumi na moja,
mwandiko uleule, wino mwingine.
Baina yake hamna kitu, hata mkwaruzo.

Kidole cha Nassor kishafika kwenye sifuri.
Tujaze?
Ngoja. Sifuri nayo ni kauli:
inasema maji yamefika mdomoni, yanamwagika,
watu wanachota kwa kata wamekaa.
Basi tuvute mstari, akasema,
toka tisa na nusu mpaka kumi na moja,
nani atajua?

Nikahesabu kwa vidole, kompyuta ikiningoja.
Shaabani. Ramadhani. Mfunguo Mosi. Mfunguo Pili.
Miezi minne.
Na siku kumi.

Nassor, ambaye mama yake alifiwa na mume mwaka juzi,
akaondoa mkono bila kuambiwa.

Kisima hakikukaa eda.
Kilishuka fundo moja na nusu, siku gani hatujui,
wakati aliyekijua yuko ndani,
mlango umerudishwa, kanga nyeupe,
na kamba imening'inia ukutani, kavu.

Tuliviacha visanduku vitupu.
Ofisi inadai sababu, na orodha yake ina nne:
mvua, barabara, kifaa kibovu, mpimaji mgonjwa.
Hatukuchagua hata moja.
*Hakikupimwa,* tukaandika, tukaenda kula.

Jioni simu ikalia. Sauti kavu, haina haraka:
leo mafundo kumi na shibiri mbili,
bamvua keshokutwa, yatapanda.
Nikaandika. Namba ya kisima, tarehe, mwezi.
"Na daftari langu mnirudishie," akasema.
"Kurasa za nyuma kuna madeni ya mwani."